Jina la Mjomba: Ukoo wa Livingstone Ulikotoka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mlioamka mapema siku ya mapumziko: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya David Livingstone, na najua wengi mnategemea kusikia habari za Ujiji, za Kwihara kule Tabora, na za mwili uliobebwa mabegani hadi hapa hapa Bagamoyo. Nitafika huko. Lakini naomba ruhusa nianze mbali zaidi, kwenye jina lenyewe, kwa sababu jina hilo lilikuwa la mjomba wangu.

Mjomba alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wetu wa mashariki, ambako milima inashuka ghafla hadi majini. Milima hiyo ramani zinaiita Milima ya Livingstone. Alibatizwa na mapadri wa UMCA, misheni iliyozaliwa kutokana na hotuba ambayo Livingstone aliitoa kule Cambridge Desemba 1857, na jina alilobatizwa ni hilo hilo, Livingstone. Bibi, mama yake, ulimi wake haukulikubali. Alimwita Levisto, nasi watoto tukamwita Mjomba Levisto.

Jioni moja nikiwa kidato cha pili nilimkuta anashona wavu wa usipa. Nikamuuliza, "Mjomba, Livingstone maana yake nini?" Akasema, "Ni jina la yule Mzungu daktari." "Na yeye alilipata wapi?" "Kwa baba yake." "Na baba yake je?" Mjomba alivuta uzi, akafunga fundo, asinijibu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye hakuwahi kujiuliza. Leo nitawaeleza ninyi yale ambayo ningependa kumweleza yeye jioni ile.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Nimewahi kusikia mahubiri yaliyosema Livingstone ni jiwe lililo hai, kama yale mawe yaliyo hai katika waraka wa Petro. Mahubiri yalinigusa, lakini jina halikutoka huko. Halina jiwe ndani yake wala uhai.

Katika karne ya 12, kwenye nchi ya tambarare magharibi mwa Edinburgh huko Uskoti, aliishi mtu aliyeitwa Leving. Habari zake zilizobaki ni chache mno. Alikuwa na ardhi, na makazi yake watu waliyaita kwa jina lake, vile vile ambavyo mtu wa Dar es Salaam anasema anashuka "Kwa Aziz Ali". Ile sehemu ya mwisho ya jina ni neno la zamani la boma, makazi yaliyozungushiwa ua. Kwa hiyo Livingston ni boma la Leving, au tuseme Kwa Leving, basi. Mwanawe Turstan alitoa kanisa la makazi hayo kwa abasia ya Holyrood, enzi za Mfalme David wa Kwanza aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153, na kwa sababu zawadi kwa kanisa huandikwa, majina ya baba na mwana yakasalimika hadi leo. Mji wa Livingston bado upo. Tangu 1962 serikali iliujenga upya kuwa mji mkubwa.

Waliotoka katika boma hilo walipanda ngazi. Alexander Livingston wa Callendar alimshika mkononi mfalme mtoto, James wa Pili, katika miaka iliyofuata kuuawa kwa baba yake mwaka 1437, na aliyemshika mfalme mtoto alikuwa ameishika nchi. Karne moja baadaye Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliomsindikiza Malkia Mary wa Uskoti tangu utotoni. Ukoo ukapata vyeo vya ukabaila, kisha ukavipoteza kwa kuunga mkono uasi wa 1715, wa kutaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Tawi jingine lilivuka bahari hadi New York likawa tajiri kupita kiasi. Mmoja wao, Philip, alitia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, na mwingine, Robert, alimwapisha George Washington kuwa rais mwaka 1789. Na familia hiyo hiyo iliweka fedha zake katika meli za watumwa. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa jina mnalolijua kwa kupinga biashara ya utumwa liliandikwa pia kwenye vitabu vya faida vya biashara hiyo.

Sasa sikilizeni. Yule daktari wa Ujiji hakuwa na hata tone la damu ya watu hawa linalojulikana. Hakutoka kwa Leving. Wakubwa wale wa tambarare na wazee wake walikuwa watu wa makundi mawili mbalimbali, wenye lugha mbili zisizosikilizana. Wazee wake walitoka Nyanda za Juu za Uskoti, pwani ya magharibi, kwenye visiwa na ghuba za Argyll, na walisema Kigaeli. Hapo ndipo hadithi inapoanza kunikaa moyoni.

Ndugu zangu wa pwani mtaielewa haraka kuliko sisi wa bara. Kigaeli kinajenga jina kama linavyojengwa hapa. Mwanamume ni fulani *mac* fulani, na *mac* ni mwana, yaani bin. Mwanamke ni fulani *nic* fulani, yaani binti. Mtu angeweza kusimama akaitaja nasaba yake, jina juu ya jina, Niall bin Iain bin nani bin nani, bila karatasi. Jina halikuwa lebo ya kubandikwa kwenye daftari. Lilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Watu ninaowasema waliitwa kwa jina ambalo makarani waliliandika McLea, MacLeay, na kwa namna nyingine nyingi. Juu ya maana yake kuna maelezo mawili. La kwanza linasema ni *Mac an Lèigh*, mwana wa tabibu. Mtaona mara moja kwa nini linapendwa: David alihitimu udaktari Glasgow mwaka 1840, na ingependeza kama damu ya wazee ndiyo iliyomwita. La pili, ambalo wachunguzi wengi wa majina wanalielekea, linasema ni *Mac Dhuinnshlèibhe*, mwana wa Donn Sléibhe, jina la kale lenye maneno mawili ndani yake: rangi ya kahawia, na mlima. Ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, Ireland, kulikuwa na ukoo wenye jina hilo la pili. Walikuwa wafalme wa Ulaid, kaskazini-mashariki mwa Ireland, hadi wavamizi wa Kinormani walipoanza kuwapokonya nchi mwaka 1177. Baadhi yao wakakimbilia Donegal, na huko wakawa matabibu wa kurithishana, baba kwa mwana. Kwa hiyo tabibu na mlima huenda havigombani. Nikilazimishwa kuchagua nitachagua mlima, kwa sababu ya sauti, na mtaona sasa hivi.

Katika Kigaeli, *shlèibhe* likiwa katikati ya jina hilo, ile *s* inamezwa. Kinachobaki masikioni ni kitu kama "leiv". Sasa mfikirieni karani asiyejua Kigaeli, au mchungaji wa kanisa, au wakala anayeandika orodha ya wapangaji, mnamo karne ya 17. Mbele yake amesimama mkulima anayetaja jina refu la kooni. Karani anasikia "leiv". Kichwani mwake lipo jina la heshima, la makabaila, analoweza kuliandika akiwa amefumba macho: Livingstone. Analiandika. Wapo wanaosema pia kwamba kabaila mmoja wa jina hilo, aliyekodishiwa ardhi za kanisa huko Argyll katika miaka ya 1640, ndiye aliyewapa wapangaji wake sababu ya kulivaa jina lake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mkulima hakuona ubaya, maana nyumbani aliendelea kuwa mwana wa Donn Sléibhe, na Livingstone lilikuwa la kodi na la ubatizo. Vizazi viwili vitatu vikapita. Lugha ya nyumbani ikadharauliwa, shule za chama cha misheni kilichoanzishwa 1709 zikakusudia kabisa kuing'oa, na jina la nyumbani likasahauliwa. La kwenye daftari likabaki.

Je, wangapi kati yetu hapa wana majina ya ukoo ambayo babu zao hawakuwa nayo? Karani wa kodi ya kichwa alimuuliza mzee jina la baba yake, akaandika alivyosikia, na leo hilo ndilo lililoko kwenye vitambulisho vyetu. Nawajua watu wawili, ndugu wa baba mmoja, ambao majina yao ya ukoo yanatofautiana kwa herufi mbili.

Nisiwafanye mdhani kwamba kila kitu kilipotea. Katika kisiwa cha Lismore, kilomita chache kutoka bara ya Argyll, liko shamba linaloitwa Bachuil. *Bachall* ni fimbo. Fimbo yenyewe ni ya Mtakatifu Moluag, aliyefariki mwaka 592, na ukoo huu ndio uliopewa kazi ya kuitunza, nao wakapewa ardhi kwa kazi hiyo. Ipo hati ya mwaka 1544 inayowathibitishia. Fimbo ni ya mti mtupu, haifiki hata mita moja. Iliwahi kufunikwa kwa shaba iliyopakwa dhahabu, lakini karibu yote imekwisha. Kwa miaka mingi ilikaa katika kasri la wakuu wa Argyll kisha ikarudishwa Lismore. Mwaka 2003 mamlaka ya Uskoti inayosimamia nembo na nasaba ilimtambua Livingstone wa Bachuil kuwa mkuu wa ukoo wa MacLea. Angalieni vizuri: anaitwa Livingstone, lakini ukoo wake umeandikwa kwa jina lake la kale. Mimi nilipolisoma hilo nilifurahi kama vile ni ndugu yangu aliyerudishiwa shamba.

Watu wa ukoo huu waliwafuata majirani zao, akina Stewart wa Appin, vitani. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden, jeshi la Nyanda za Juu lilivunjwa na jeshi la serikali kwa muda usiofika saa moja. Bendera zilizotekwa siku ile zilichomwa moto hadharani Edinburgh. Bendera ya Appin haikuwamo, kwa sababu kijana mmoja wa akina Livingstone, Donald wa Morvern, aliikata kutoka mtini mwake, akajizungushia mwilini, akaondoka nayo. Ingali Edinburgh hadi leo. Na baba wa babu yake David, upande wa baba, alianguka pale Culloden. David mwenyewe aliliandika hilo katika kitabu chake cha 1857.

Baada ya vita hiyo ukoo wa akina David tunaukuta Ulva, kisiwa kidogo magharibi ya kisiwa kikubwa cha Mull. Ni mawe, nyasi, mwani na mvua. Babu yake, aliyeitwa Neil, alikuwa mkulima mdogo hapo. David anasimulia kwamba mzee huyo aliweza kutaja habari za wazee wake vizazi sita nyuma. Na katika nasaba yote hiyo kulikuwa na jambo moja tu David aliloona la kujivunia. Mmoja wa wazee, akiwa kitandani mwa mauti, aliwaita wanawe akawaambia kwamba amepekua habari zote za ukoo wao na hakukuta mtu asiye mwaminifu hata mmoja. Yeyote kati yao atakayekuwa mdanganyifu, asisingizie damu. Mnasikia hapo namna ya wazee wetu kuusia? Bibi yake naye aliimba nyimbo za Kigaeli, na nyingine, kwa imani yake, zilitungwa na watu wa visiwani waliotekwa wakaishia utumwani kwa Waturuki. Kwa hiyo nyumba aliyokulia ilikuwa na wimbo wa mateka ndani yake kabla hajaona mateka kwa macho. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi kuliko vitabu vingi vya sifa.

Mwaka 1792 shamba la Ulva halikutosha tena kulisha watoto. Mzee Neil akahamia Blantyre, kwenye kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde. Waajiri walimwamini kubeba fedha nyingi kutoka Glasgow hadi kiwandani, na uzeeni walimpa kiinua mgongo kwa uaminifu wake. David alizaliwa hapo tarehe 19 Machi 1813, katika chumba kimoja cha familia nzima. Akiwa na miaka kumi alianza kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika mashinini, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kigaeli hakikufika mbali katika kelele hizo.

Ulva yenyewe iliisha vibaya. Kilikuwa na watu zaidi ya 600. Viazi vilioza mwaka 1846, na mwenye kisiwa akawafukuza wapangaji, nyumba kwa nyumba, apate malisho ya kondoo. Livingstone alikwenda kukiona mwaka 1864, kati ya safari zake za Afrika. Alikuta magofu. Mwaka 2018 wenyeji wachache waliobaki, pamoja na majirani zao wa Mull, walikinunua kisiwa kwa ajili ya jamii yao. Nasema wachache: waliokuwa wakiishi humo hawakufika kumi.

Ndipo nawaleta Ujiji, Novemba 1871. Kila mtoto wa shule anajua kilichotokea: Mzungu mmoja anafika na bendera ya Marekani, anavua kofia, anauliza kwa adabu kama mbele yake ni Daktari Livingstone. Tumelisimulia jambo hili miaka yote bila kuona jambo moja. Yule anayeuliza, Henry Morton Stanley, alizaliwa Wales akaitwa John Rowlands, akajichukulia jina jipya Marekani. Na anayeulizwa anajibu kwa jina la boma la tambarare ambalo wazee wake hawakuwahi kuishi. Chini ya mwembe wa Ujiji wamesimama watu wawili, na hakuna hata mmoja anayeitwa kama babu zake walivyoitwa.

Tena aliyetangulia kumlaki Stanley kabla hajafika kwa daktari ni Susi, Abdullah Susi wa Shupanga kwenye Mto Zambezi, mtumishi wa daktari. Yeye na Chuma, Myao aliyeokolewa mtumwani, ndio walioongoza msafara baada ya daktari kufa kijijini kwa Chitambo Mei 1873. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga jina shinani. Kisha wakatembea zaidi ya kilomita 1,600, wakafika Bagamoyo Februari 1874 na mwili. Lakini tazameni majina ya hawa nao. Chuma alibatizwa Bombay akaitwa James. Wainwright alikuwa mtoto wa Kiafrika aliyekombolewa akalelewa Nasik huko India, na jina lile la Kiingereza lilimkuta huko. La kwake la kwanza halisomeki popote katika ule msafara. Na Susi, mwaka 1886 Unguja, miaka mitano kabla ya kufa, alibatizwa akachagua kuitwa David.

Najua mtasema, na yeye Livingstone je, hakubandika majina? Alibandika. Mwaka 1855 alisimama mbele ya Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, akijua wenyeji wanauitaje, akayaita maporomoko yale Victoria. Mimi hilo linaniuma, na linaniuma zaidi nikikumbuka alikotoka. Mjukuu wa watu waliopoteza jina lao kwenye kalamu ya karani aliichukua kalamu ile ile. Simhukumu kwa neno moja, kwa maana nimekaa naye miaka mingi na ninampenda. Ila siwezi kuliruka.

Limebaki jambo dogo. Baba yake David aliliona jina ni refu, akalifupisha kwa kuacha ile *e* ya mwisho: Livingston. David naye aliandika hivyo tangu ujana, huko kusini mwa Afrika, Kuruman, Kolobeng, Linyanti, katika barua kwa mkewe na kwa wakuu wa misheni. Ni katika miaka ya 1850, jina lilipokuwa limeshaanza kuvuma, ndipo aliirudisha *e* kwa ombi la jamaa zake.

Mjomba alipofariki, fundi aliyeandika msalaba wake aliacha herufi hiyo. Livingston. Shangazi alilia, watoto wake wakataka msalaba upakwe rangi na kuandikwa upya, na rangi ikanunuliwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaziona barua zile za zamani. Nikawaeleza walioketi pale msibani, kama nilivyowaeleza ninyi leo: Leving na boma lake, mwana wa Donn Sléibhe, Ulva, kijana wa Blantyre na namna alivyoandika jina lake mwenyewe. Shangazi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi uacheni." Rangi ile tuliupaka mtumbwi. Msalaba bado umesimama chini ya milima, bila ile *e*.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.